Kamba wa pwani wakikosekana, ndagala wapo

NDUGU zetu waliorejea Burundi baada ya kuishi miaka mingi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wamerudi na ulimi wa pwani. Wengi huniuliza watapata wapi hapa Bujumbura kamba wa kukaanga kwa kitunguu saumu na pilipili, wale wanaoletwa wakiwa wa moto kabla ya chakula chenyewe.

Jibu langu ni moja: pishi hilo lawezekana, ila kamba tuwaachie watu wa Rufiji na Bagamoyo. Kamba wa bahari wanaofika huku hutoka mbali wakiwa kwenye barafu, na safari hiyo yote humlipisha mnunuzi. Barafu ikiyeyuka njiani kisha wakagandishwa tena, unanunua maradhi ya tumbo kwa bei ya karamu. Kwa nini tuhangaike, na ndagala wanavuliwa mbele ya macho yetu?

Ndagala ni wale wale dagaa wa Kigoma. Ziwa Tanganyika ni moja, nchi ndizo nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua na bei hupanda. Wafanyabiashara wa Rumonge, Uvira na Kigoma hulijua hilo vizuri. Wanakumbuka pia mwaka 2024, Tanzania iliposimamisha uvuvi ziwani tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Anayefuata kalenda ya ziwa hanunui kwa pupa.

Sokoni, ndagala wabichi wawe wanang'aa kama fedha, macho maangavu, tumbo halijapasuka. Wakavu wawe wakavu kweli: ukimvunja mmoja, akatike kwa sauti. Waliokauka juu ya chanja ni bora kuliko walioanikwa mchangani, maana mchanga unaulipia kwa kilo na kuutafuna kwa meno.

Mahitaji (watu wanne)

Ndagala wabichi nusu kilo; punje nane za kitunguu saumu; pilipili mbuzi moja; limau moja; chumvi kijiko kimoja cha chai; mafuta kikombe kimoja. Mawese ya Rumonge yanafaa kwa anayependa rangi na harufu yake.

Namna ya kupika

Osha ndagala, toa vichwa na matumbo kama ni wakubwa. Wapake chumvi na nusu ya limau, waache dakika kumi, kisha wachuje na uwafute maji. Usipuuze hatua hii: samaki mwenye maji hurusha mafuta, na hawi mkavu.

Chemsha mafuta vizuri. Kaanga ndagala kidogo kidogo, dakika tatu au nne, mpaka walie wakigusana. Ukijaza karai, mafuta yatapoa na utapata rojo.

Mwaga mafuta, bakiza vijiko viwili. Punguza moto, kisha tia saumu iliyopondwa na pilipili iliyokatwa. Nusu dakika yatosha. Saumu ikigeuka kahawia huwa chungu na kuharibu kila kitu. Rudisha ndagala, geuza mara mbili tatu, epua, kamulia limau lililobaki.

Ukitumia ndagala wakavu, waoshe mara tatu kwa maji ya vuguvugu bila kuwaloweka, wakaushe, kisha ukaange dakika mbili tu. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja.

Na aliyebahatika kuletewa kamba wazuri, awamenye, atoe uzi mweusi wa mgongoni, awakaange dakika mbili kila upande. Wakishakuwa wa waridi na kujikunja, wameiva. Ukizidisha, utatafuna mpira.

Mimi huwapakua kwenye sahani pana pamoja na vipande vya limau, ndizi za kukaanga pembeni, na vijiti vya meno kwa wageni. Walioishi pwani hula wakisifu saumu, waliobaki hapa hula wakisifu ndagala, na sahani hurudi jikoni tupu. Nusu kilo ya samaki wa kila siku imetosha kumkaribisha nyumbani mtu aliyekuwa ugenini.