Kutu ya shasi: rangi peke yake haitoshi



Kamiyo inaweza kubadilishiwa batri, hata moteri. Lakini shasi ndiyo mgongo wake. Shasi ikikatika njiani na watu wako juu ya mizigo, hakuna fundi wa kurudisha mambo nyuma. Kwa hiyo inafaa tujue namna ya kuilinda.

Katika somo la shimi tulijifunza kwamba kutu inazaliwa pale chuma, maji na oksijeni vinakutana. Chumvi inaharakisha kazi hiyo. Hapa kwetu potopoto inashika chini ya kamiyo na kukaa mbichi siku nyingi. Tena, kamiyo ikipakia chumvi ao makayabo, maji ya chumvi yanatiririka mpaka katika viungo vya shasi.

Watu wengi wananunua rangi nyeusi na kuipaka juu ya kutu. Kamiyo inaonekana mpya, lakini ni kaburi lenye kupakwa chokaa. Kutu inavimba kupita chuma kilichoizaa. Inainua rangi, na maji yanaingia chini yake. Basi kazi ya kwanza ni kusafisha.

Namna ya kufanya:

1. Kuosha potopoto yote, zaidi ndani ya shasi na pembeni ya resori, kisha kuacha ikauke kabisa.
2. Kukwangua kutu na brosi ya chuma mpaka chuma kionekane. Pale chuma kimekuwa chembamba ao kimetoboka, tusifunike na rangi: tumuite fundi.
3. Kupanguza mafuta na kitambaa chenye esansi kidogo, mbali na moto.
4. Kupaka rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, maana chuma kitupu hakingoji.
5. Ikikauka, kupaka rangi ya juu mara mbili, nyembamba nyembamba. Matundu ya kutokea maji tusiyazibe.

Rangi ya kuzuia kutu ni za namna nyingi. Minyumu, ile nyekundu ya zamani, inashika vizuri, lakini ina madini ya risasi, nayo ni sumu: vumbi yake tusiivute. Nyingine ina zenki. Zenki inakubali kuliwa mbele ya chuma, kama kwenye manjanja ya paa, lakini lazima iguse chuma chenyewe. Gudro inakinga mawe. Ikipasuka, maji yanajificha nyuma yake.

Na mafuta ya vidanje je? Ni kweli, yanapenya katikati ya vyuma viwili, pale brosi haifiki. Lakini mvua inayaosha, yanaharibu vipande vya mpira, si mazuri kwa ngozi, na yakifika kwenye freni ni hatari. Grisi ni afazali.

Rangi ya bei kali juu ya uchafu ni hasara. Rangi ya kawaida juu ya chuma safi itadumu kuipita. Basi wenye zamu ya kuosha kamiyo ya shule, tuanze chini, na taa mkononi. Milango itangoja.