Ukisimamishwa na Polisi Ukiwa na Bastola

Wengi wetu tuna ndugu kule Marekani. Huko mtu aweza kubeba bastola kihalali ndani ya gari. Lakini je, akisimamishwa kwa kukimbiza gari, kibali chatosha?

Hakitoshi. Mwaka 2016, katika jimbo la Minnesota, Philando Castile alisimamishwa kwa sababu ya taa ya nyuma. Alikuwa na kibali, akasema kwa adabu kuwa ana bastola. Polisi akadhani anaitoa, akampiga risasi akafa.

Basi mwambieni ndugu yenu hivi:

1. Mikono ikae juu ya usukani.
2. Jimbo la Michigan, aseme mara moja kuwa ana bastola. Baadhi ya majimbo mengine, mpaka aulizwe. Ajue sheria ya kwao.
3. Asiiguse. Hata leseni asiitoe mpaka aambiwe.

Faini hulipwa, uhai haurudi.