Mradi wa wanafunzi kijijini: Anzeni na maji, msianze na rangi

KILA likizo inapokaribia, wazazi wengi wa mjini huombwa mchango wa aina moja. Kijana wa sekondari au wa chuo amejiunga na wenzake, nao wamepanga kwenda nyumbani kwa wazazi wao, tuseme Kisegi, upande wa Gwassi katika kaunti ya Homa Bay, ili “kuboresha kijiji”. Orodha ya mahitaji huwa na fulana, rangi, glavu, nauli na chakula. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya 8-4-4 nao unawataka wanafunzi watoke darasani na kuihudumia jamii, hivyo basi maombi haya hayatapungua. Toa mchango wako, msomaji, lakini kabla ya kuutoa muulize kiongozi wa kikundi hicho swali moja: ni ugonjwa gani mnaotaka upungue?

Huenda akashangaa. Vikundi vingi hufikiria kuokota takataka sokoni, kupaka rangi mawe ya kando ya barabara na kupiga picha. Sina ugomvi na usafi wa soko. Lakini takataka zitarudi siku ya soko inayofuata, na wala karatasi zinazopeperuka barabarani sizo zinazojaza vitanda vya hospitali za kandokando ya Ziwa Victoria.

Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za uliokuwa mkoa wa Nyanza ziliripoti kulaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu. Watu 547 walifariki. Wataalamu walipowalinganisha waliougua na wale ambao hawakuugua, waligundua kwamba waliokuwa katika hatari zaidi ni wale waliokunywa maji ya ziwa au ya mito, waliokula chakula pamoja na mtu mwenye kuhara, na waliokula katika matanga. Mambo matatu ya kawaida kabisa, yanayofanyika katika kila boma. Hakuna hata moja linaloondolewa kwa rangi.

Je, wanafunzi wanaweza kubadilisha mambo kama haya? Wazo hilo si geni. Mwaka wa 1978 jijini London, daktari David Morley, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria kwa miaka mingi, na mwalimu Hugh Hawes walianzisha mpango wa kuwatumia watoto kufikisha elimu ya afya kwa watoto wenzao na kwa jamaa zao. Waliona jambo ambalo kila mama wa Kiafrika alilijua tayari, kwamba mtoto mchanga hulelewa kwa sehemu kubwa na dada au kaka yake, na ni vyema mlezi huyo afundishwe.

Lakini ushahidi unaonivutia zaidi ulipatikana huku kwetu Nyanza, kati ya 2004 na 2005. Katika shule za msingi za mashambani, walimu na wanafunzi walifunzwa kutibu maji kwa dawa ya klorini na kunawa mikono kwa sabuni. Vyombo vya maji ya kunywa vyenye mfuniko na bomba vikawekwa, pamoja na mahali pa kunawia. Watafiti walifuatilia shule tisa. Wanafunzi waliojua jinsi ya kutibu maji barabara walipanda kutoka asilimia 21 hadi asilimia 65. Katika muhula wa Septemba hadi Novemba, kukosa masomo kulipungua kwa asilimia 35 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, ilhali katika shule tisa jirani zisizokuwa na mradi huo kuliongezeka kwa asilimia 5.

Sasa tazama nyumbani kwa watoto hao. Wazazi waliosema kwamba wanatibu maji yao waliongezeka kutoka asilimia 6 hadi asilimia 14. Ni zaidi ya maradufu, na ni jambo la kupongezwa, lakini kumbuka kwamba wazazi 86 katika kila 100 walibaki vile vile. Yaani mtoto anaweza kulijua jambo vizuri, akalieleza nyumbani, na mtungi ukaendelea kujazwa maji ya ziwa kama jana. Kiongozi wa kikundi asiyeijua takwimu hii atakata tamaa siku ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila anayetaka kuchangisha pesa za vyoo alifahamu. Katika utafiti mwingine uliofanywa baadaye kwenye shule za Nyanza, wilaya ya Suba ya wakati huo ikiwa mojawapo, baadhi ya shule zilipewa mafunzo ya usafi na dawa ya maji, na nyingine zikaongezewa vyoo vipya juu ya hayo. Ungetarajia kwamba waliopata vyoo ndio wangekuwa na mikono safi zaidi. Ilikuwa kinyume. Mikono ya wasichana katika shule zilizopata vyoo ilikuwa na viini vya kinyesi kwa wingi zaidi. Maelezo yake si magumu: choo kizuri huvutia watu wengi kukitumia, na kama ndani hamna karatasi na nje hamna maji wala sabuni, kila anayetoka hutoka na uchafu mkononi. Choo bila sabuni ni kazi iliyoachwa katikati.

Kwa hiyo, kijana unayeongoza kikundi, au mzazi unayemshauri, nitasema ninavyoona mimi.

Mkifika Kisegi msianze na jembe. Nendeni kwa naibu wa chifu na mzee wa kijiji mjitambulishe, kisha mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii anayezizuru boma hizo. Yeye ndiye anayejua ni wapi mtoto alihara wiki iliyopita. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuwaeleza ni magonjwa gani yanayoleta watu wengi, lakini msiombe kuona majina katika daftari lake. Hiyo ni siri ya mgonjwa.

Siku mbili za kwanza zitumieni kutembea na kuhesabu. Ni boma ngapi zina choo? Ngapi zina maji na sabuni, au hata jivu, karibu na choo hicho? Maji ya kunywa hutoka wapi, na huchotwa mtungini kwa kata moja au kila mtu huzamisha kikombe chake? Andikeni idadi. Kisha waulizeni akina mama ni jambo gani linalowasumbua wao. Jibu lao likitofautiana na mpango mliokuja nao kutoka Nairobi, tupeni mpango.

Kiongozi bora, kwa maoni yangu, si yule mwenye sauti kubwa wala mwenye Kiingereza kingi. Ni yule anayejua Kijaluo cha nyumbani vizuri, anayeweza kumsikiliza mzee wa Kisuba bila kuangalia simu, na asiyewaacha wasichana wa kikundi wapike huku wavulana wakifanya mikutano.

Nitatoa mfano wa jambo linalowatia wageni makosani. Mnaweza kupita ufuoni mkaona vyandarua vya mbu vimetandazwa chini na omena wameanikwa juu yake. Jambo hili limechunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 kuhusu vijiji vya wavuvi vya eneo hili la ziwa ulikuta vyandarua vingi vikitumiwa kukaushia na kuvulia samaki. Mwanafunzi mwenye bidii atataka kuhutubu kuhusu malaria. Tafadhali nyamaza kwanza, uliza. Mama wa omena atakwambia kwamba samaki hukauka haraka juu ya chandarua, na kwamba hakikumgharimu kitu. Biashara hiyo ndiyo inayolipa karo. Ukitaka chandarua kirudi kitandani, zungumza naye juu ya kitu kingine cha kuanikia, na chandarua chakavu kisichofaa tena kulaliwa mwachie. Kumwaibisha hadharani hakutamkinga mtoto wake na mbu hata mmoja.

Kisha chagueni jambo moja tu. Kama ni kunawa mikono, kibuyu chirizi kinatosha: mtungi wa plastiki wa lita tano uliotobolewa tundu dogo, ukaning'inizwa kwenye kijiti, kamba ikafungwa shingoni mwa mtungi na kushuka hadi kwenye kijiti kingine cha kukanyagia chini. Ukikanyaga, mtungi unainama na maji yanatiririka bila mkono kuugusa. Sabuni hutobolewa na kuning'inizwa kando. Wanafunzi kumi wanaweza kutengeneza vingi kwa siku moja. Swali gumu ni hili: Jumanne ijayo, mkiwa mmerudi mjini, nani atajaza maji na nani atanunua sabuni? Kama hamna jina la mtu huyo katika daftari lenu, hamjamaliza. Pesa za fulana zingenunua sabuni ya miezi kadhaa.

Shimo la choo msichimbe wenyewe. Mashimo huporomoka, na mahali pake panahitaji kuamuliwa na afisa wa afya ya umma. Kwa kawaida hutakiwa umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani, na sehemu ya chini isikaribie maji yaliyo ardhini. Kando ya ziwa hilo ni gumu. Mwaka wa 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kufunika fuo nyingi pamoja na vyoo vyake. Vilevile, msiokote sindano wala vyembe kwa mikono, hata mkiwa na glavu.

Mpango wa kurudi uwepo kabla hamjaondoka. Baada ya miezi mitatu, wawili au watatu kati yenu warudi katika boma zile zile, wahesabu vitu vile vile. Kama vibuyu vilikuwa 30 na sasa vinavyotumika ni 9, semeni 9 katika ripoti yenu, na muulizeni mwenye hivyo tisa amefanyaje.

Mwisho, neno kwa wazazi. Vijana wa mjini wakifika ziwani huoga. Katika maji hayo mna kichocho, ambacho viini vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi kwa muda wa dakika chache. Buti za mpira husaidia kwa wanaochota maji, na maji yaliyokaa ndooni siku mbili bila konokono huwa salama ya kuogea kwa upande wa kichocho, ingawa bado si ya kunywa. Mtoto wako akirudi, na wiki mbili hadi nane baadaye akapata homa, kikohozi, mwasho au maumivu ya tumbo, usikubali haraka kwamba ni malaria au homa ya matumbo. Mwambie daktari kwamba alioga ziwani, na tarehe. Kipimo cha kinyesi kikiwa safi mara ya kwanza, kirudiwe baada ya wiki kadhaa, kwani mayai huchelewa kuonekana. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kulingana na uzito wa mgonjwa, na aliyetibiwa mapema sana huenda akahitaji kuimeza tena.