Motokaa ina makumbusho, dereva wetu je?

Vijana wa Matuga wanapenda magari. Ukipita jioni kwenye njia iendayo Kwale mjini utawasikia wakibishana juu ya injini na rangi, kama sisi washairi tubishanavyo juu ya vina na mizani. Gari wanalolisifu sana ni Lincoln Continental ya zamani, nao hutaka kujua mbona gari zuri namna ile liliishi miaka michache tu. Jawabu lake ni refu, na ncha yake moja imefika mpaka huku kwetu.

Edsel Ford, mwana pekee wa Henry Ford, alitaka motokaa ya kutembelea likizoni Florida mwaka 1939. Mchoraji wake, Bob Gregorie, alichukua umbo la Lincoln-Zephyr, akalishusha chini, akalirefusha boneti, na gurudumu la akiba akalipachika nyuma, nje, bila ya kulificha. Matajiri walioliona wakalitamani. Likauzwa kama toleo la 1940, lina injini ya silinda 12, na mwaka wa kwanza yaliundwa kama 400 tu.

Vita haviulizi uzuri. Marekani iliingia vitani Desemba 1941, na Februari 1942 viwanda vyake vikaacha kuunda magari ya raia. Hata kabla ya hapo kromu iliadimika, na mapambo yaliyokuwa yaking'aa yakapakwa rangi. Kampuni ya Ford ikageukia ndege za mabomu: kiwanda cha Willow Run peke yake kilitoa B-24 zaidi ya 8,000. Edsel alifariki Mei 1943, umri wake miaka 49. Gari lake lilirudi mwaka 1946, nalo ni lile lile la 1942, ila uso umeongezwa vyuma vizito. Mwaka 1948 likasimamishwa, ingawa jina lilikuja kufufuliwa baadaye. Mwaka 1951 jumba la sanaa za kisasa la New York liliiweka Continental ya 1941 katika maonyesho ya magari manane, watu wakalizunguka kama wazungukavyo sanamu.

Sasa, msomaji, tugeuke huku kwetu. Mwaka huo huo wa 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, ng'ambo tu ya Likoni. Vijana wa Afrika Mashariki waliingizwa jeshini kwa maelfu, na wengi wakafundishwa kuendesha malori. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa Burma, wakipambana na Wajapani na matope ya bonde la Kabaw. Malori mengi ya vita vile yalitoka viwanda vya Marekani na Kanada. Basi usukani ambao kwa tajiri wa Detroit ulikuwa umesimama, kwa kijana wa Kiafrika ndipo ulipoanza kuzunguka.

Nilipokuwa mtoto, nikienda chuoni na juzuu kwapani, tulikuwa na mzee jirani aliyejifunzia udereva katika jeshi hilo. Alikuwa akiinamisha kichwa, akisikiliza injini kidogo, kisha akisema inaumwa wapi, na fundi akifungua hukuta ni kweli. Habari zake hazikuandikwa popote. Alipofariki alizikwa na njia zake zote.

Simlaumu mtu kwa kulitunza gari. Kitu kilichochorwa kwa akili kinastahili kutunzwa. Lakini chuma kimepata jumba, na mtu aliyeshika usukani katika vita hivyo hivyo hana hata ukurasa. Waliopigana wamekwisha karibu wote. Waliobaki ni watoto wao, nao wanazeeka. Masandukuni mwao huenda mna cheti cha jeshi, leseni iliyofifia, au picha ya kijana amesimama kando ya lori. Waendeeni na daftari. Andikeni jina, kijiji na njia alizopita, kabla mchwa hawajamaliza kusoma.