Tijara ya Taa za Picha za Kuundwa kwa Mkono

Mwaka 1930, Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Unguja, mwenye haja ya picha alivaa nguo zake njema akaifuata studio ilipo; leo muuzaji wa vitenge, wa vipodozi au wa vyombo vya jikoni huzipiga picha bidhaa zake mwenyewe kwa simu na kuwapelekea wateja kabla jua halijachwa, na kwa sababu hiyo haja ya taa nzuri imeingia katika hesabu za maduka madogo, ambayo mtaji wake aghalabu hauhimili bei ya vyombo vya kiwandani. Hapo ndipo fundi wa mtaani anapopata nafasi yake.

Na tutazame kisanduku cha nuru, yaani kifuniko kinacholainisha mwanga wa taa, kinavyoundwa. Fundi wa kuchomelea, kama wale wa Gerezani mjini Dar es Salaam au wa Kamukunji mjini Nairobi, huunga fremu ya mraba yenye upana wa mita moja. Fundi bati huizungushia mbavu, ambazo kwa ndani hubandikwa karatasi ya foili ili mwanga usipotee bure. Fundi cherehani hushona kitambaa cheupe cha kufunika mdomo, chenye mkanda wa kunasia ili kivuliwe na kufuliwa. Kisha fundi umeme hufunga holda za balbu. Chombo kimoja hugawa ujira kwa mafundi wanne.

Chombo hicho hakina sababu ya kushindwa na cha dukani, kwani ulaini wa nuru hutokana na upana wa uso unaoitoa na ukaribu wake na kitu kinachopigwa picha, wala si na jina la kampuni. Tena taa ikisogezwa hadi nusu ya masafa yake ya awali, nuru inayofika huongezeka mara nne. Kwa hiyo balbu ndogo iliyo karibu hutosheleza kazi ambayo mtu asiyejua angeinunulia taa kubwa.

Walakini, kuna mahali ambapo urahisi wa bei huzaa hasara. Balbu duni katika umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho lisitambue, lakini video ikajaa michirizi; na balbu ambayo kipimo chake cha uhalisia wa rangi, CRI, kiko mbali chini ya 90 huufifiza wekundu wa kitenge, mteja akaletewa asichokitazamia na kukirudisha. Ama taa ya halojeni ya wati 500 iliyofungiwa ndani ya kitambaa, hiyo ni hatari ya moto.

Mshindani mkubwa wa mafundi hawa ni taa ya duara itokayo China, nyepesi na rahisi kusafirishwa kwa wingi, na haielekei kwamba fundi anayeiiga atapata faida. Faida ya fundi imo katika vitu vipana na vizito, ambavyo nauli ya meli huvipandisha bei: stendi madhubuti, fremu za kitambaa, meza za kupigia picha, na vyote kwa kipimo cha chumba cha mteja. Mwenye busara katika biashara hii ataagiza balbu bora kutoka ng'ambo, na chuma, kitambaa na matengenezo atayauza yeye.