Kuzamia Baharini: Vifaa Kwanza au Elimu Kwanza?

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyumbani kwetu hapa Kakamega methali hii ilitimia hasa, kwa sababu kisa changu kilianzia mvunguni mwa kitanda. Siku moja wakati wa likizo ya Agosti, baba aliinama, akavuta sanduku la bati lililojaa vumbi na kulifungua. Sisi watoto tukakodoa macho. Ndani mlikuwa na miwani mikubwa ya mpira, viatu virefu mithili ya miguu ya bata, na bomba jeusi lenye kitu cha kuuma mdomoni.

"Disemba tunaenda pwani," baba akasema. "Narudi kuzamia. Na safari hii siendi peke yangu. Kila mtu humu ndani atapata vifaa vyake."

Mpenzi msomaji, najua utashangaa. Sisi watu wa Kakamega maji tuyajuayo ni mvua ya alasiri na mito kama Isiukhu. Bahari tunaisoma katika jiografia. Lakini baba yangu, kabla ya kufungua karakana yake ya kuchomelea vyuma, alikuwa akifanya kazi Diani katika Kaunti ya Kwale, akiwaongoza watalii chini ya maji. Aliiacha kazi hiyo mwaka wa 2013 na tangu hapo hakuwa ametia kichwa chake baharini.

Mama hakufurahi hata kidogo. Kaka yake, mjomba ambaye sisi tulimjua kwa picha tu, alikufa maji katika mto Isiukhu akiwa kijana. Ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukaribia mto. Mama aliweka sufuria chini, akauliza, "Baba watoto, hawa wanajua kuogelea? Ama utawavisha mipira uwatupe majini?"

Baba akanyamaza. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la makala haya: je, vifaa kwanza au elimu kwanza?

Kabla ya kulijibu, yafaa tuelewe kuzamia ni kitu gani. Binadamu amepiga mbizi tangu jadi. Wapiga mbizi wa lulu katika Ghuba ya Uajemi walibana pua kwa kibanio, wakashuka wakivutwa na jiwe zito, wakiwa na pumzi moja tu kifuani. Mwaka wa 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kilichomwezesha mtu kupumua kutoka kwenye mtungi aliobeba mgongoni. Kifaa hicho wazamiaji hukiita regyuleta. Kazi yake ni kukupa hewa unapovuta tu, tena kwa msukumo ulio sawa na ule wa maji yanayokuzunguka.

Msukumo huo ndio siri ya mambo yote. Hapa juu hewa inatusukuma kwa kipimo kimoja. Ukishuka mita 10 baharini msukumo unakuwa mara mbili, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Wenzangu wa kidato cha tatu wanaikumbuka sheria ya Boyle: msukumo ukizidi, gesi inapungua ukubwa. Mimi niliikariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba kuna watu wanaoitegemea ili wabaki hai.

Tufanye hesabu kidogo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa hadi mara 200 una lita 2,400. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji angeutumia kwa dakika 120. Lakini akiwa mita 10 chini utamtosha dakika 60, na akiwa mita 30 dakika 30 tu. Hata hizo hazimalizi zote, kwa maana ni lazima abakishe hewa ya kurudia. Kwa hivyo anayepumua kwa hofu anaimaliza hewa yake kama mlevi anavyomaliza mshahara.

Sheria hiyo hiyo ndiyo inayozaa kanuni ya kwanza ya mzamiaji: usizuie pumzi kamwe. Ukijaza mapafu hewa ya mtungi ukiwa mita 10 chini, kisha ukapanda umefunga mdomo, hewa hiyo inataka kuwa mara mbili. Mapafu yatapasuka kama puto.

Sasa turudi kwenye orodha ya baba. Alikuwa ameandika kila kitu mara tano, kwa sababu sisi ni watu watano. Mama aliichukua, akapiga hesabu nyuma ya karatasi, akasema, "Hii ni karo ya mwaka mzima na mabati ya jikoni." Wakaketi mezani wakapunguza. Nitaeleza walivyoamua, kwani huenda siku moja jambo hili likakufaa.

Kwanza, kila mtu apate miwani yake. Nyuso hazifanani, na miwani isiyokaa vizuri huingiza maji. Jaribio lake ni rahisi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, kisha achilia mkono. Ikishika, ni yako. Lazima ifunike pua, kwa sababu ukishuka unapaswa kubana pua na kupuliza taratibu ili masikio yafunguke. Ile ya kuogelea inayofunika macho tu haifai. Miwani ya zamani ya baba ilikuwa imekauka mpira ikapasuka alipoivuta. Huo ukawa mwisho wake.

Pili, snokeli, yaani kijibomba cha kupumulia ukiwa umelala juu ya maji, na viatu vya bata vinavyokutoshea. Vikibana utashikwa na mkakamao wa misuli, vikipwaya vitakutoka. Vitu hivi vitatu vinatosha kwa familia kuanza, na mengi ya kupendeza yako karibu na uso wa maji.

Tatu, vitu vizito si vya kununua. Mtungi, koti la kuelea, mikanda ya risasi na regyuleta hukodishwa pale pale pwani. Mtungi unahitaji kukaguliwa ndani kila mwaka kwani kutu haionekani kwa nje. Regyuleta nayo hufunguliwa na fundi aliyesomea kazi hiyo. Ile ya baba ilikuwa imelala sandukuni miaka yote hiyo. Alitaka kuiosha tu aitumie. Mama akamwuliza, "Gari lililolala miaka kumi ungelipakia watoto bila kulipeleka gereji?" Baba akacheka, akairudisha sandukuni.

Dada yangu, aliyekuwa darasa la nane wakati huo, alileta hoja iliyotufanya tufikiri. Karakanani kuna mitungi ya oksijeni ya kuchomelea. Kwa nini baba asijaze hiyo, na tena binadamu si anapumua oksijeni? Lakini wapi! Baba alimweleza kwamba mzamiaji wa kawaida anabeba hewa hii hii tunayoivuta, iliyochujwa na kukaushwa. Oksijeni tupu ikipita kina cha mita 6 hivi inageuka sumu, nayo inaweza kukutia kifafa ukiwa majini. Hata mashine ya fundi wa pancha haifai, maana hewa yake hubeba mafuta na moshi.

Kisha ikaja elimu. Mama alisema wazi kuwa asiyejua kuogelea hapandi basi. Kwa hivyo kila Jumamosi jioni tulienda kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, tukalipa kiingilio, tukajifunza. Baba mwenyewe alijidhani bingwa. Siku ya kwanza alipovua miwani chini ya maji ili aivae tena, alimeza maji akatoka akikohoa, macho mekundu. Watu waliokuwa wakinywa chai wakageuka. Alitwambia baadaye, "Kichwa kinakumbuka, mwili umesahau." Tangu siku hiyo hakutaja tena miaka yake ya Diani.

Tulipofika pwani, alipelekwa kwanza kwenye maji mafupi na mwalimu kijana wa kutosha kuwa mpwa wake. Akarudia yote: kuvua miwani, kutoa regyuleta mdomoni na kuirudisha, kugawana hewa na mwenzake, na kusema kwa mikono. Kidole gumba kikielekea juu, kwa mfano, maana yake si "poa" bali ni "tupande juu". Daktari pia alikuwa amempima masikio, kifua na presha. Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, ana pumu, na daktari alikataa katakata asiguse mtungi. Alilia. Lakini snokeli na jaketi la kuelea alipewa, akaogelea baba akimshika mkono.

Mimi nilijaribu mtungi mara moja, kwenye kina kifupi, mwalimu akiwa kando yangu. Baba alikuwa mbele. Hiyo ilikuwa upande wa Shimoni na kisiwa cha Wasini, iliko hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti. Disemba ni msimu wa kaskazi. Maji huwa matulivu na mtu huona mbali, tofauti na kusi inapovuma. Nilimwona kasa akila bila haraka, na mkunga akichungulia kwenye matumbawe kama mzee dirishani. Sauti niliyosikia ni ya pumzi yangu tu. Nilipoinua macho, niliona kivuli cha mashua yenye kioo chini. Mama alikuwa humo ndani. Alisema baadaye kuwa hakutazama samaki hata mmoja. Alihesabu mapovu yetu tu.

Jambo la mwisho ndilo lililonisukuma nishike kalamu. Baba alizamia siku mbili. Mara ya mwisho alitoka majini saa tano asubuhi, na tulikuwa tumekata tikiti za basi la saa moja jioni. Kazi za wateja zilimngoja karakanani. Yule mwalimu kijana aliposikia tunaenda Kakamega aliuliza, "Mzee, kwenu ni juu kiasi gani?"

Mtu akiwa chini, gesi ya naitrojeni iliyo hewani huyeyuka katika damu na nyama zake. Akipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi. Akiharakisha inafanya mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huumiza viungo, hupooza, huweza hata kuua. Ndiyo sababu mzamiaji hapandi ndege mara moja. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kungoja angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Sasa fikiria, ndugu msomaji: kutoka bahari hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, na barabara ya kuja kwetu inapita nyanda zilizozidi mita 2,000. Kwa mwili wa mzamiaji, basi letu ni ndege iendayo chini.

Baba alibisha. "Zamani nilikuwa napanda basi tu." Mama hakupaza sauti. Alisema, "Zamani mimi sikuwa na watoto watatu wa kusomesha." Tikiti zikabadilishwa kwa hasara kidogo, tukalala usiku mmoja zaidi, tukaondoka kesho yake jioni. Baba alifika nyumbani mzima kama kigongo.

Basi jibu la swali langu ni hili. Miwani hukuonyesha samaki na mtungi hukupa hewa, lakini hakuna duka linalouza subira. Elimu itangulie, vifaa vifuate, na kurudi nyumbani kuhesabiwe kuwa sehemu ya kuzamia. Wenye kupanga kwenda pwani, haraka haraka haina baraka.

Sanduku la bati limerudi mvunguni. Ndani sasa mna miwani mitano. Ya tano ni ya mama, ambaye Jumamosi iliyopita aliingia bwawani hadi kiunoni, akasimama hapo kwa muda, kisha akaniomba nimshike mkono.