Kichwa cha Jiwe Chenye Baba Wawili

Wasomaji wetu, leo tunawapeleka mbali, katika muji wa Bath, inchi ya Uingereza. Kule kuko kichwa kimoja cha jiwe ambacho kila mwenye kushika nyundo na patasi angefurahi kukiona.

Mwaka wa 1790, watu wa kazi walikuwa wanachimba musingi wa nyumba mupya karibu na chemchemi ya maji ya moto. Chini kabisa wakakuta mawe makubwa yaliyochongwa. Mawe hayo yalipounganishwa, uso ukaonekana: mwanaume mwenye macho makali, paji la uso limekunjamana, masharubu mazito, nywele na ndevu zinaruka kila upande kama ndimi za moto, na nyoka ndani yake.

Huyu ni nani? Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 43, askari wa Roma waliingia Uingereza na kutawala wenyeji, ni kusema Waselti. Mwaka wa 60 ao 61, malkia Boudica akasimamisha vita kubwa juu yao. Akashindwa, na damu nyingi ikamwangika. Miaka michache kisha vita, Waroma wakajenga hekalu pale Bath. Wenyeji walikuwa wanaabudu Sulis, mungu mwanamuke wa chemchemi ile. Waroma hawakumufukuza. Walimuunganisha na Minerva wao, wakamwita Sulis Minerva.

Kwa desturi ya Waroma, ngao ya Minerva inabeba kichwa cha Gorgona, mwanamuke mwenye nyoka kichwani. Mutu akimutazama, anageuka jiwe. Fundi wa Bath alipewa kuchonga kichwa hicho juu ya mulango wa hekalu. Ngao alichonga kama vile Waroma walivyotaka, na taji la majani, na malaika wao wa ushindi kila upande. Lakini uso? Pahali pa mwanamuke akaweka mwanaume wa masharubu! Waroma wa wakati ule walikuwa wananyoa. Masharubu ilikuwa desturi ya Waselti. Wenye elimu wengine wanasema ni mungu wa bahari, wengine wa jua. Lakini mukono wa Kiselti unaonekana wazi.

Katika muji uleule, mwaka wa 1727, watu waliokuwa wanachimba mufereji wa maji machafu walipata kichwa cha Minerva. Hicho ni cha shaba iliyochanganywa na bati, kisha kikapakwa zahabu. Uso wake ni laini, umetulia, ni wa Kiroma kabisa. Ukitazama vichwa hivyo viwili, hauhitaji mwalimu wa kukuonyesha tofauti.

Hata jiwe si marumaru ya mbali. Ni jiwe la chokaa la palepale, rangi ya asali. Likitoka tu katika shimo ni laini kwa kukata, kisha likikauka linakuwa gumu. Na birika kubwa la kuogea, chini yake limetandikwa bamba 45 za risasi. Madini hiyo ilichimbwa katika vilima vya Mendip, karibu na pale. Bila wachimbaji, maji ile ingepotea katika udongo.

Jina la fundi halikuandikwa kwenye kichwa. Lakini pale Bath walipata jiwe lingine la sala, lenye jina la Priscus, mwana wa Toutus, muchongaji wa mawe, mutu wa kabila la Carnutes, upande wa Chartres katika Ufaransa ya leo. Hatusemi kama yeye njo alichonga uso ule. Jiwe lake halisemi vile. Lakini angalieni majina: Toutus ni jina la Kiselti, Priscus ni la Kiroma. Baba na mwana, desturi mbili katika nyumba moja. Familia nyingi zetu zinajua jambo hilo: babu ana jina la kijiji, mujukuu ana jina lililotoka ng'ambo, na damu ni ileile.

Siku ya leo kichwa kile kiko katika nyumba ya kulinda vitu vya kale, palepale Bath. Watu wa kazi wa 1790 wangeweza kukivunja kokoto na kukirudisha katika musingi. Walikitoa. Wewe unayechimba, siku pikipiki ya chuma chako itagonga jiwe lenye alama ya mukono wa mutu, simama kwanza, uite wengine waone.